Mechi ya Saa Nne Asubuhi

Mwaka 2018 nilikuwa nahodha wa timu ya wanaume ya mpira wa kikapu katika chuo kimoja kidogo cha Braamfontein, Johannesburg, na msimu ule nilimficha rafiki yangu kifo cha mama yake ili tushinde mechi. Naliandika hili mwanzoni kabisa kwa sababu nimewahi kulisimulia mara mbili tatu, na kila mara nilianzia mbali, kwenye baridi na viatu na jinsi tulivyofungwa mwaka uliotangulia, mpaka anayenisikiliza akanionea huruma kabla hajajua nilichofanya. Sitaki tena huruma ya namna hiyo.

Hata hivyo baridi ilikuwepo, na viatu pia. Chuo chetu kilikuwa ghorofa tatu za jengo ambalo zamani lilikuwa la ofisi. Hakikuwa na uwanja, hakikuwa na hata ua wa kuanikia nguo. Tulicheza Newtown, kwenye sakafu ya saruji chini ya barabara ya juu, magari yakinguruma juu ya vichwa vyetu, na pepo za Julai zikipita kati ya nguzo. Uwanja ule tulipewa jioni mbili za wiki na Jumamosi asubuhi tu, kwa kuwa Jumamosi kuanzia saa sita waliingia watu wa dansi na maspika yao. Ndiyo maana mechi zetu zote za nyumbani zilichezwa saa nne asubuhi, wakati saruji bado ina ubaridi wa usiku na mpira ukikugonga kidole unaona nyota. Wachezaji wa akiba walikaa wamejifunika blanketi. Viatu vizuri vya mchezo tulikuwa na jozi nne kwa watu kumi na mmoja, na anayetoka uwanjani alimvulia anayeingia.

Mwaka 2017 tulifungwa mechi zote. Sisemi nyingi, nasema zote. Vyuo vingine vilikuja kwetu kama watu wanaokwenda matembezi. Mwisho wa mwaka uongozi wa chuo ulitupa barua: msimu ujao tusipofika nusu fainali, timu itafutwa. Barua hiyo niliibandika mlangoni kwangu kwa ndani, nikawa naiona kila nikitoka. Mimi nina hasira za karibu, na mtu akiniambia siwezi jambo, silali. Pengine msimu mzima ulikuwa hasira yangu kwa ile barua, wenzangu wakaibeba bila kujua.

Tulikuwa Wakongo watano, Warundi wawili, Mkenya mmoja, vijana wawili wa Soweto, na mimi wa Tanga. Uwanjani tulielekezana kwa Kiswahili ili wapinzani wasituelewe, na wale wawili wa Soweto walijifunza yaliyo ya lazima: mpe, rudi, nyuma yako, na hesabu hadi tano. Kocha alikuwa mhadhiri wetu, Mkenya, mtu wa kukunja mikono ya shati na kutembea kandokando ya mstari akijisemea. Mimi niligawa mipira. Aliyeipokea na kufunga alikuwa Mkongo mmoja wa Bukavu, mrefu kuliko milango mingi ya Braamfontein, ambaye mwenyewe alijiita pivoti, yaani mchezaji wa chini ya kikapu, nasi wote tukamwita pivoti wetu.

Yeye na mimi tulipanga chumba kimoja, ghorofa ya tano, dirisha likitazama reli. Alikuwa mpole hata uwanjani, na hilo lilinikera. Akimwangusha mtu alimwinua kwanza, ndipo akakumbuka kurudi kulinda. Kila Jumapili baada ya kanisa alimpigia simu mama yake, muuza vitenge sokoni kule kwao. Walizungumza Kiswahili chao cha Bukavu, ambacho watu huwa batu, kikichanganyika na lugha yao ya nyumbani na Kifaransa, na mwisho wa kila simu mama aliomba apewe "ule mwana wa Tanga". Nikishika simu aliniuliza swali lilelile, mwanawe anakula vizuri? Nikimjibu kwamba anakula hata sehemu yangu, alicheka mpaka simu ikakoroma. Sikuwahi kumwona kwa macho. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na pivoti wetu, ambaye hakuwa amemwona kwa miaka minne, alikuwa ameshapanga kwenda nyumbani Desemba, msimu ukiisha.

Msimu ule wa 2018 tulianza kushinda. Siwezi kueleza vizuri ilivyotokea. Labda ni kwa sababu tulikuwa tumefungwa pamoja muda mrefu, tukajua kila mmoja anapochoka na anapoogopa. Tulishinda kwa pointi mbili, tukafungwa, tukashinda kwa moja, tukashinda tena. Kocha alianza kuja mazoezini kabla yetu. Mwezi wa tisa ukaingia, na mahesabu yakawa rahisi: imebaki mechi moja, Jumamosi, Newtown, dhidi ya chuo kikubwa chenye wachezaji wa mabegi yanayofanana. Tukishinda tunaingia nusu fainali na timu inabaki. Tukifungwa basi.

Ijumaa jioni simu yangu ililia nikiwa ngazini na mkate mkononi. Alikuwa baba mdogo wa pivoti wetu, fundi cherehani wa Joubert Park, ndugu yake pekee katika jiji hili. Nilimwamkia shikamoo kama kawaida yangu, naye kama kawaida yake hakujua aitikie nini.

"Uko peke yako?" aliuliza. "Mwenzako asisikie."

Nikamwambia niko peke yangu.

"Mama yake ametuacha. Tangu jana. Usimuambie kitu. Ni sisi wakubwa tutamuambia, akikaa chini, batu bakiwa karibu. Kesho banamuzika. Umulete kwangu asubui, saa mbili, asikuye peke yake. Wadogo yake batapiga simu pale ku makaburi, aseme neno yake kwa mama kabla bamufunike. Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, baba mdogo. Poleni sana. Nitamleta."

Niliketi kwenye ngazi. Nililia kidogo, na kilio kile kilikuwa cha kweli, nisije nikajifanya mnyama kuliko nilivyokuwa. Yule mama alikuwa ameniita mwana.

Kuficha kwenyewe hakukunishangaza. Kwao na kwetu ni desturi moja. Mtu hapewi habari ya kifo akiwa peke yake, wala kwa simu, wala njiani. Anaambiwa kuna mgonjwa, analetwa polepole mpaka mahali penye watu wa kumshika, ndipo aambiwe. Bibi yangu alipofariki, mimi nikiwa shule ya bweni, mjomba alikuja kunichukua akisema bibi ana homa, njia nzima akaninunulia machungwa, na nilijua nilipoliona turubai mbele ya nyumba. Sikumlaumu mjomba hata siku moja. Kwa hiyo kumbeba mwenzangu bila kumwambia, mpaka kwa wakubwa zake, ilikuwa heshima niliyopewa, na baba mdogo alinipa mimi kwa sababu aliniona mtu wa nyumbani.

Tatizo ni ile saa mbili asubuhi.

Hapo ngazini ndipo nilipoanza kupiga hesabu zangu. Nilitaka kushinda. Hilo ndilo la kwanza, mengine nimeyaongeza baadaye. Bila pivoti hatukuwa na timu, tulikuwa na watu kumi wenye baridi. Nikaanza kutafuta mlango wa kupitia, na mtu akitafuta mlango haukosi. Nikajiambia hivi: wanazika kesho, sawa, lakini mazishi huwa lini? Kwetu Tanga maiti ikilala, asubuhi ya pili ni ya kuchimba, kuosha na kukata sanda. Mwili unatoka nyumbani kwenda msikitini, unasaliwa baada ya adhuhuri, ndipo watu wanakwenda makaburini. Mazishi yote niliyowahi kuhudhuria tangu utoto yalikuwa baada ya adhuhuri au baada ya alasiri. Bukavu na Johannesburg saa ni zilezile. Mechi saa nne, inaisha saa tano na nusu, saa sita tuko Joubert Park. Adhuhuri ndiyo kwanza inaingia. Ataambiwa, atalia, atashikwa, simu itapigwa, atasema neno lake. Baba mdogo anataka saa mbili kwa sababu wazee hupenda kila jambo lifanyike mapema.

Nilikuwa nimeishi na Wakristo wa Kongo miaka mitatu, nimekula kwao Krismasi, nimekaa kwenye matanga yao, na haikunijia akilini kwamba watu wa kanisa hawangoji adhuhuri. Wala sikupiga simu kuuliza. Wanazika saa ngapi? Ni maneno matatu. Nadhani sikuuliza kwa sababu sehemu fulani ya moyo wangu iliogopa jibu.

Nilipopanda juu pivoti wetu alikuwa anapiga pasi jezi yake. Alikuwa ananyoosha namba mgongoni kwa uangalifu, ulimi nje. Nikamwambia baba mdogo wake amepiga simu, anatuita chakula cha mchana kesho, baada ya mechi.

"Amechinja kuku?" akauliza.

"Huenda."

"Basi tushinde, tukule vizuri."

Likabaki suala la simu yake. Baba mdogo bila shaka alikuwa amewakataza wadogo wa mwenzangu wasimwandikie kitu, lakini ukoo ni mkubwa, na binamu aliyeko Kampala au Nairobi hakatazwi. Angeweka picha ya mshumaa, angeandika "pumzika mama", na yote yangeharibika. Betri yake ilikuwa karibu kwisha. Alipokwenda kuoga nilichukua chaja yake nikaisukumia ndani ya kiatu changu cha mvua, chini ya kitanda. Alirudi akaitafuta, akainua mto, akainua kitabu, akaniuliza kama nimeiona. Nikamwambia labda ameiacha chuoni. Akasema haina shida, Jumapili ndiyo siku ya kupiga. Simu ilizimika mkononi mwake akiwa anatazama matokeo ya mpira wa Ulaya.

Asubuhi nilimwandikia baba mdogo ujumbe: tunamaliza jambo moja la chuo, tunakuja. Kisha nikazima simu yangu. Nilijua kabisa kwamba mtu anayezima simu hajaridhika na hesabu zake.

Tulitembea hadi Newtown kupitia daraja la juu ya reli. Anga lilikuwa safi, baridi ya Septemba haina meno. Yeye alikuwa anaimba pambio la kanisani kwao, akidunda mpira kwenye lami kwa mdundo wa wimbo, na alipoona mimi kimya akauliza kama naogopa. Nikasema naogopa. Akaniwekea mkono begani na kunitikisa, akasema leo tutawapiga hadi wasahau njia ya nyumbani. Ilikuwa saa tatu kasoro robo. Kule Joubert Park alitakiwa awe ameshaketi.

Kwa kanuni ya kocha, simu zote zilikusanywa kwenye mfuko mmoja kabla ya mechi. Ya kwake ilikuwa imekufa, yangu imezimwa. Niliitumbukiza na kujisikia mwepesi, na wepesi ule nao unanitia aibu leo.

Nusu ya kwanza ilikuwa mbaya. Wale wa mabegi yanayofanana walikuwa na kasi, na mimi nilikuwa natoa pasi mbovu. Mara mbili nilimtupia pivoti wetu mpira miguuni. Kila nikimtazama niliona kitu kingine, niliona yule mtoto wa muuza vitenge, na pasi ikaenda kombo. Pivoti wetu naye alicheza kama anayenifuata mimi, aliponiona nimepoa akapoa. Tulikwenda mapumziko tukiwa nyuma kwa pointi kumi. Kocha alitutazama mmoja mmoja.

"Sasa nyinyi, mnacheza ni kama mko kwa matanga," alisema. "Captain, shida ni gani?"

Nikasema hakuna shida. Yeye akageuka kuongea na wengine juu ya ulinzi.

Pivoti wetu alikuja kuketi karibu nami. Akauliza kwa sauti ya chini, "Kuko nini? Tangu asubui hauko sawa." Niliona anataka kweli kujua. Akiendelea kuuliza nitasema, hilo nililijua. Basi nikafanya ninachojua kufanya nikibanwa, nikaleta utani. Refa wa siku ile alikuwa mtu wa tumbo, kaptura imembana, na kila akipuliza filimbi alikuwa anaivuta kwa nyuma kwa vidole viwili, haraka, akidhani hakuna anayemwona. Nilimwambia pivoti wetu kwamba ile kaptura ni ya mtoto wake wa darasa la nne, na kwamba mtoto yuko nyumbani sasa hivi amejificha chini ya kitanda hana nguo, anangoja baba amalize mechi. Halikuwa jambo la kuchekesha sana. Lakini refa akapita mbele yetu wakati uleule, akaivuta. Pivoti wetu alicheka mpaka akainama akashika magoti. Alijaribu kunyamaza akashindwa, machozi yakamtoka, akawa ananipiga mgongoni kwa kiganja. Wenzetu wakaanza kucheka bila kujua wanacheka nini. Mmoja wa wale vijana wa Soweto, aliyekuwa amebaki na simu yake kinyume cha kanuni, alipiga picha. "Eish, mmeshachizi nyie," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokota kwetu, akatuonyesha.

Robo ya tatu pivoti wetu alibadilika. Sijawahi kuona mtu akicheza vile, na nimecheza na wengi. Kila mpira niliompa aliufunga au aliangushwa akifunga. Alirukia mipira ya ubaoni akiwa katikati ya watu watatu. Mimi nami nikarudi kuwa mimi, macho yakafunguka, nikawa naona nafasi kabla hazijatokea. Na hapa niseme jambo ambalo sikuwahi kulisema nilipokuwa naanzia kwenye baridi na viatu: kuanzia robo ile mpaka mwisho nilimsahau mama yake kabisa. Sikukumbuka kwamba kuna maiti mahali popote duniani. Nilikuwa na furaha tupu.

Tulishinda kwa pointi tatu. Pivoti wetu alininyanyua juu kama mtoto akazunguka nami, na kocha alikaa kwenye benchi na kufuta miwani. Wenzetu walitaka twende wote tukale mahali. Nikasema sisi tunaitwa kwa baba mdogo, nikamvuta. Hakupata hata nafasi ya kubadili jezi, alivaa koti juu yake. Nilipowasha simu nikiwa nyuma yake hatua chache, ilitetemeka mfululizo. Simu kumi na moja za baba mdogo, ya mwisho ya saa nne na dakika hamsini. Baada ya hapo hakupiga tena. Ilikuwa saa sita kasoro robo, na nilipoona kwamba ameacha kupiga, niliirudisha simu mfukoni nikamkimbilia.

Tulivuka mji kwa miguu, yeye akisimulia mechi upya, tukisimama kwenye kila roboti, zile taa za barabarani, naye akinionyesha kwa mikono jinsi alivyomzunguka yule mrefu wao. Mimi niliitikia. Tulipofika Joubert Park, lifti ya lile jengo ilikuwa mbovu kama siku zote, tukapanda ngazi. Ghorofa ya nne, kwenye ujia, kulikuwa na viti vya plastiki vimepangwa ukutani, viti vya kanisani kwao, na wanaume wamekaa wameinamisha vichwa. Walipomwona wakasimama wote.

Naye akasimama. Mikono ilikuwa bado imekunjwa kuonyesha ule mzunguko.

"Ni nani?" akauliza.

Swali hilo halijibiwi mlangoni. Walimshika viwiko wakamwingiza ndani. Cherehani zilikuwa zimesukumwa pembeni zimefunikwa kitambaa, wanawake wamekaa chini kwenye mkeka, vitenge kiunoni. Baba mdogo akamwonyesha kiti. Hakukaa. Akauliza tena, "Ni nani?" Ndipo baba mdogo akaacha desturi, akamwambia wakiwa wamesimama hivyo hivyo, mkono shingoni mwake, kwamba ni mama.

Hakulia pale pale. Alisema, "Munipatie simu. Banazika lini?"

Baba mdogo alinitazama mimi, kisha akamtazama yeye.

"Bamekwisha kumuzika. Balishuka makaburi saa ine. Siku hizi mvua ya kule inaanguka mchana, batu banazika mapema. Wadogo yako balishikilia simu juu ya kaburi, balingojea, pasta naye alingojea. Tulimupigia huyu mupaka tukachoka. Nilimuambia saa mbili."

Ndani ya chumba kile palikuwa na watu kama ishirini na wote waligeuka kunitazama. Na mimi, badala ya kupiga magoti, badala ya kunyamaza, nilisema, "Kwetu tunazika baada ya adhuhuri." Nililisema kwa sauti, kwa ile lafudhi yangu ya Tanga. Sijawahi kusema sentensi ya kipumbavu kuliko hiyo. Mama mmoja aliyekuwa mkekani alivuta kitenge chake akafunika uso ili asinione.

Pivoti wetu ndipo alipokaa. Alikaa kwenye kile kiti akiwa na koti na jezi ya ushindi, akaanza kulia kwa sauti kubwa, mikono imelala mapajani, wala hakumtafuta mtu wa kumshika. Watu wakamzunguka. Mimi nilitoka ujiani. Hakuna aliyenifukuza. Nilipewa birika la chai niwapelekee waliokuwa wakija, nikagawa chai mpaka jioni, na kila aliyepokea kikombe alisema asante. Ningetamani mmoja wao anitukane.

Pivoti wetu hakurudi chumbani kwetu. Alibaki kwa baba mdogo siku zote za matanga. Jumatatu nilimweleza kocha. Alinisikiliza akiwa ameketi kwenye ukingo wa meza ya darasa, halafu akauliza, "Na kwa nini hukuniambia? Ningemtoa, tupoteze hiyo game, kwani iko nini?" Nikamkumbusha ile barua ya chuo. Akanitazama kama mtu ambaye hajanielewa lugha. "Barua," akasema, akachukua vitabu vyake akaenda kufundisha.

Nusu fainali tulicheza bila pivoti, tukafungwa vibaya, na kusema kweli sikumbuki hata rangi ya jezi za waliotufunga. Mwaka 2019 chuo kiliifuta timu vilevile. Walisema ni mambo ya bima.

Pivoti wetu alikuja kuchukua vitu vyake wiki ya tatu baada ya mazishi, siku ya kazi, mchana. Alibisha hodi kwenye mlango ambao ulikuwa wake pia. Alikuwa amenyoa nywele zote kwa ajili ya msiba, akawa anaonekana mkubwa kuliko umri wake. Nilimwambia pole, nikamwambia karibu, nikamwambia nitamsaidia kufunga. Alikunja nguo zake kimya, moja moja, juu ya kitanda. Sikuweza kuuvumilia ule ukimya, nikaanza kusema. Nikamweleza yote, tangu ngazini. Nikamweleza jinsi kwetu mwili unavyopelekwa msikitini, jinsi nilivyohesabu saa, nikamwambia kuhusu chaja, nikatoa kile kiatu kabisa nikamwonyesha. Nikamwambia nilitaka kushinda na hilo ndilo kosa langu, na kwamba sikujua kuhusu mvua.

Alinisikiliza hadi mwisho. Hakuwa na hasira usoni, na hilo nililishika kama tumaini.

"Ya saa, ninaielewa," alisema. "Hata mimi singejua ya kwenu. Ya mechi pia ninaielewa. Ungeniuliza, pengine ningecheza. Sijui."

Akafunga zipu ya begi. Akaliweka begani, akafika mlangoni, akasimama.

"Lakini ile picha iko na saa juu yake," alisema. "Rafiki yetu wa Soweto alinitumia, hakujua. Saa ine na dakika arobaini na mbili. Niliuliza mudogo yangu, wakati huo bameshikilia simu juu ya kaburi, bananiita jina. Na mimi ninacheka. Nimeshika magoti ninacheka. Nikifunga macho nimuone mama, ninajiona mimi ninacheka."

Akangoja. Nadhani alitaka nimwambie kwamba kicheko kile kilitokea tu, kwamba tulikuwa vijana na refa alikuwa na kaptura ya ajabu. Ningeweza kusema hivyo. Lakini nilikuwa nimeshamwongopea vya kutosha, na yeye alinijua, akausoma ukweli usoni mwangu kabla sijafungua mdomo: alikuwa ameniuliza kuna nini, na nilimchekesha makusudi ili asiulize tena.